Jibu Lililokatwa

Swali limeulizwa. Kijana mwenye mtindio wa ubongo ameketi mbele ya kamera, amelisikia na kulielewa. Anainua kidevu, anavuta pumzi, midomo inaanza kujipanga. Hapo picha inakatika. Tunamwona mama yake akilijibu swali lile lile kwa niaba ya mwanawe, kwa sentensi zilizonyooka.

Sauti ya kijana hatuisikii tena. Mwishoni anaonyeshwa kando ya dirisha akitabasamu, huku kinanda kikipigwa taratibu.

Mkato wa aina hii umejaa kwenye filamu za makala, na kwa wiki kadhaa sasa umenikaa kichwani. Hakuna aliyemtukana yule kijana. Msimulizi alichagua maneno ya heshima, mwongozaji alikuwa na nia njema, na huenda kila aliyeshika kamera alimpenda. Hata hivyo amenyamazishwa, na aliyemnyamazisha ni mhariri aliyekuwa akiokoa sekunde.

Tunapojadili jinsi watu wenye ulemavu wanavyoonyeshwa kwenye filamu, mara nyingi tunajadili hadithi: nani shujaa, nani mwovu, nani anakufa. Nimeanza kuamini kwamba dhuluma kubwa hutokea mahali padogo kuliko hapo. Hutokea kwenye kimo cha kamera, kwenye urefu wa shoti (kipande cha picha kati ya mkato na mkato), kwenye uamuzi wa nani ajibu.

## Muda ndio unaochukuliwa

Mazungumzo ya kawaida huenda kwa maneno 120 hadi 180 kwa dakika. Anayezungumza kwa kifaa, iwe ubao wa herufi, kompyuta inayofuata macho au swichi inayobonyezwa kwa kichwa, mara nyingi hufikisha maneno 2 hadi 15 kwa dakika. Sentensi ya maneno 20 inaweza kumchukua zaidi ya dakika moja, au hata dakika kumi. Sasa mpe mhariri filamu ya televisheni ya dakika 52 na umwambie kila kitu lazima kiingie humo. Atakata nini?

Swali hilo si jepesi, na sidhani jibu ni kuacha kila subira iingie nzima. Mtazamaji atachoka, na mzungumzaji mwenyewe hatapenda watu wamkumbuke kama mtu wa kusubiriwa. Lakini kuna njia ambayo wahariri waangalifu huitumia. Mara ya kwanza mtu anapojibu, mapema kabisa kwenye filamu, wanaiacha subira yote: swali, kuandika, kimya, jibu. Mtazamaji anajifunza mwendo wa mtu huyo. Baada ya hapo mikato inaweza kufanywa waziwazi. Tunaona swali, tunaona jicho au mkono ukianza kazi, picha inaruka, tunasikia jibu. Kilichopunguzwa ni dakika tu, na mtu bado anajisemea.

Kazi hiyo huanza kabla ya siku ya kurekodi. Maswali yatumwe mapema ili majibu marefu yaweze kuandikwa na kuhifadhiwa kwenye kifaa, na mtazamaji aambiwe kwamba yaliandaliwa. Kamera mbili ni bora kuliko moja: ya kwanza kwenye uso, ya pili kwenye skrini ya kifaa au ubao wa herufi, maana bila hiyo ya pili mhariri hana cha kuonyesha wakati wa kusubiri, naye ataishia kumtafuta mama. Vipindi viwe vifupi vyenye mapumziko, kwa sababu misuli iliyokaza huchoka, na mtu anayeeleweka vizuri asubuhi anaweza asieleweke jioni. Na mhoji asimalizie neno la mwenzake. Kumalizia neno kunaonekana kama msaada, ila kwenye filamu kunageuka kuwa ushahidi kwamba mtu huyo hawezi.

Kuna pia suala la maandishi chini ya picha. Mtu anayezungumza kwa shida akiwekewa maandishi peke yake, huku wengine wote hawana, mtazamaji hupokea ujumbe kwamba huyu haeleweki. Nyumbani kwake anaeleweka kila siku. Suluhisho lisilo na uchungu ni kuweka maandishi kwa kila anayezungumza, hatua ambayo pia inawafikia watazamaji viziwi. Mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 42 hivi, na maneno yatokee kwa vifungu vinavyokwenda na sauti. Sentensi nzima ikitokea kabla mtu hajaimaliza, jicho la mtazamaji huisoma, na sikio lake huacha kumsikiliza.

## Kimo cha kamera

Macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu huwa karibu sentimita 110 hadi 125 kutoka sakafuni. Mpiga picha aliyesimama na kamera begani anarekodi kutoka sentimita 150 na zaidi. Hapo umemfanya mhusika wako atazame juu filamu nzima, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Hakuna mwandishi aliyeandika unyonge huo. Umetokana na kamera ambayo hakuna aliyeishusha.

Dawa yake ni ndogo mno: shusha lenzi ifike kimo cha macho yake, na mhoji akae kwenye kiti. Kwa shoti za mwendo, mpiga picha naye akae kwenye kiti cha magurudumu asukumwe. Waandaaji wa filamu zenye bajeti ndogo wametumia viti hivyo tangu zamani kupata picha tulivu za mwendo, hata kwa hadithi zisizo na mhusika mmoja anayekitumia. Kifaa kiko tayari.

Kosa jingine ni kumtambulisha mtu kwa vipande. Kwanza gurudumu, kisha kiganja kilichojikunja, kisha kiatu kwenye kikanyagio, na uso mwishoni kabisa. Mtazamaji amekwisha kuamua kabla hajamwona mtu. Uso utangulie, mtu awe kwenye shughuli yake, na kiti kionekane pale kinapoonekana.

Kwa viziwi fremu, yaani eneo linaloingia kwenye picha, ina sheria kali zaidi, kwa sababu picha ndiyo sauti.

Lugha ya alama hutumia nafasi inayoanzia juu kidogo ya kichwa hadi kiunoni, na viwiko vinahitaji uwazi pande zote mbili. Shoti ya karibu ya uso, ile inayopendwa sana kwenye matukio ya hisia, inakata mikono na kuyafuta maneno. Shoti ya kupitia bega la mzungumzaji inaonyesha alama kwa nyuma, nazo hazisomeki. Kosa kubwa kuliko yote ni la mazoea ya uhariri: kwenye mazungumzo ya sauti, mhariri huweza kumwonyesha msikilizaji huku sauti ya msemaji ikiendelea. Akifanya hivyo kwa anayetumia alama, sentensi inapotea. Mtazamaji anayesikia hatagundua, kwa kuwa anasoma maandishi. Mtazamaji kiziwi anaona mtu amekatizwa katikati ya neno.

Mwanga nao una kazi. Mahali penye giza, shata ya kamera (kinachoruhusu na kuzuia mwanga kwa kila picha) ikifunga polepole, vidole vinageuka ukungu. Shata ya 1/100 ya sekunde au yenye kasi zaidi, mwanga wa kutosha usoni na mikononi, nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi, na ukuta usio na mapambo nyuma. Mkalimani akae karibu kabisa na lenzi, la sivyo mhusika atamtazama mkalimani pembeni filamu nzima na kuonekana kama mtu anayemkwepa mtazamaji. Wakalimani wawe wawili kwa mahojiano marefu, wakipokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu ubora wa ukalimani hushuka mtu akichoka, na anayeonekana kuropoka ni kiziwi aliyesema vizuri.

## Mikono inayosukuma vibaya

Upande wa filamu za kubuni, makosa ya vifaa na miili ni ya kusikitisha kwa jinsi yanavyoepukika.

Mhusika amepooza miaka kumi, ana kazi na nyumba, halafu anatumia kiti cha hospitali: kizito cha kilo 15 hadi 20, mgongo mrefu, vishikio vya kusukumwa na mtu mwingine, makalio yakizama kwenye kitambaa. Mtu anayejisukuma kila siku hutumia kiti kilichopimwa kwa mwili wake, chenye fremu ngumu na nyepesi, mgongo mfupi ili mabega yacheze, na ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, iliyosogezwa mbele ili gurudumu likae chini ya bega. Mwigizaji asiyekijua kiti hupigapiga juu ya gurudumu kwa vidole, miguso mifupi ya haraka. Anayekijua hushika kwa nyuma pete ya kusukumia iliyo kando ya gurudumu, husukuma kwa mkono mrefu hadi mbele, huachia, kisha mkono unashuka chini ya pete ukirudi. Hutamsikia akihema kwenye sakafu tambarare.

Na kuna yale yasiyoonyeshwa kamwe. Mtu asiyehisi makalio yake hujiinua au kujiegemeza upande mmoja mara kwa mara ili kuepuka vidonda vya mgandamizo. Kuhama kutoka kitini kwenda kitandani kuna hatua: kiti kiwekwe kwa pembe, breki zifungwe, miguu itolewe kwenye vikanyagio, makalio yasogezwe ukingoni, ndipo mwili uinuliwe. Filamu hukata. Kwenye shoti moja mtu yuko kitini, kwenye inayofuata amelala. Wakati wa mhusika mwingine kufungua chupa au kuvaa koti upo, wake haupo.

Kwa wasioona, filamu hupenda wapapase nyuso za watu ili "wawaone". Ni tabia ambayo karibu haipo nje ya skrini. Sauti, mwendo na mahali mtu alipo hutosha kumtambua. Fimbo nyeupe nayo hushikwa kama bakora. Matumizi yake ni kupeperusha ncha kushoto na kulia, upana unaozidi mabega kidogo, ncha ikigusa upande ulio kinyume na mguu unaotangulia, ili mahali utakapokanyaga pawe pameshapimwa. Kwa viziwi, filamu huwapa kipaji cha kusoma midomo kutoka ng'ambo ya barabara, ilhali sauti nyingi hufanana mdomoni au hutengenezwa ndani ya kinywa zisionekane kabisa. P, b na m hazitofautiki kwa jicho.

Mfano ulioniudhi zaidi ni wa ualbino. The Da Vinci Code, filamu ya mwaka 2006, ina muuaji mwenye ualbino anayetumwa kuua na kufukuza watu. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na macho yao hutikisika yenyewe. Mwanga mkali huwaumiza. Mwandishi alichukua ngozi kama alama ya kutisha, akaacha mwili wenyewe. Mwaka 2018 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilitangaza kwamba haitafadhili tena filamu ambazo makovu au tofauti za uso zinatumika kama alama ya uovu wa mhusika. Naona ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa umechelewa mno.

## Je, mwigizaji mwenyewe anatosha?

Mwanzoni nilidhani jibu la haya yote ni moja: wape nafasi waigizaji wenye ulemavu. Bado naamini hivyo, na kwa nguvu. Dustin Hoffman, Daniel Day-Lewis, Al Pacino na Tom Hanks wote walipata Oscar ya mwigizaji bora kwa kuigiza ulemavu ambao hawakuwa nao, kwa filamu za kati ya 1988 na 1994. Kwa upande mwingine Marlee Matlin, ambaye ni kiziwi, aliipata mwaka 1987, na mwanamume kiziwi wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji, Troy Kotsur, alisubiriwa hadi 2022. Miaka 35.

Sababu zinazotolewa kuhusu pengo hilo ni za kisanaa, lakini nyingi ziko kwenye jengo. Usaili unafanyika ghorofa ya pili isiyo na lifti. Gari la kubadilishia nguo lina ngazi tatu za chuma. Choo kiko mbali na eneo la kurekodi, na siku ya kazi ina saa 12. Mambo haya yakiingizwa kwenye bajeti tangu mwanzo ni mistari michache. Yakikumbukwa wiki ya mwisho, mwigizaji anaitwa "mgumu".

Shaka yangu ilianza pale nilipofikiria upya kazi ya Harold Russell. Alikuwa askari wa Marekani aliyepoteza mikono yote miwili mwaka 1944 kwenye ajali ya baruti mazoezini. Hakuwa mwigizaji. Mwongozaji William Wyler alimpa nafasi kwenye filamu The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946, na kwa nafasi hiyo moja Russell alipewa tuzo mbili za Oscar.

Ana tukio moja chumbani ambapo anamwonyesha mchumba wake namna anavyojiandaa kulala: anavua mikanda inayoshikilia kulabu anazotumia badala ya mikono na kueleza kwamba kulabu zikishatoka hawezi hata kufungua mlango. Kamera inakaa. Hatua zote zinaonekana kwa mpangilio wake, na ni yeye anayezieleza. Angeweza kuwekwa Russell yule yule, mwenye mwili ule ule, halafu mhariri akakata baada ya mkanda wa kwanza na kutuonyesha machozi ya msichana. Tungebaki na mwigizaji mwenye ulemavu na filamu ya huruma.

Lakini tukio lililonigeuza ni jingine, la baa. Russell yuko mbele ya picha, anapiga piano kwa kulabu. Mpiga picha Gregg Toland ameweka kila kitu wazi, cha karibu na cha mbali, na nyuma kabisa, ndani ya kibanda cha simu, mwanamume mwingine anapiga simu ya kuachana na mwanamke anayempenda. Uzito wa hadithi uko kule nyuma. Kulabu ziko mbele, zinafanya muziki, na filamu haikuombi uzishangae.

Fremu hiyo imenifundisha zaidi ya mijadala mingi ya nani aigize nani. Mtu yupo, ulemavu wake unaonekana wote, na dunia inaendelea na mambo yake.

## Mteremko wa mita sita

Mwaka 2014, Stella Young, mwanahabari na mchekeshaji wa Australia aliyetumia kiti cha magurudumu, alisimulia jukwaani jinsi watu wenye ulemavu wanavyogeuzwa kuwa vitu vya kuwatia wengine moyo, hata kwa kuamka tu na kukumbuka majina yao. Wengi walimpigia makofi. Kisha filamu zikaendelea vile vile: kinanda, mwendo wa polepole, msimulizi anayesema "licha ya".

Neno hilo, "licha ya", linaficha chanzo. Chukua tukio la kawaida: wanaume wanne wanambeba mtu na kiti chake kupanda ngazi tatu za shule au ofisi. Kamera inashika uso wake, muziki unapanda, na mtazamaji anaondoka akiamini tatizo ni miguu. Sasa geuza kamera. Ngazi tatu za sentimita 17 ni kimo cha sentimita 51. Kwa kipimo cha kawaida cha 1 kwa 12, mteremko unaohitajika ni wa zaidi ya mita 6, na kingo za kuzuia gurudumu lisitoke. Ubao wa mita 2 ambao mtu mwema ameuegemeza pale unatoa mteremko wa 1 kwa 4 hivi. Kiti kinaweza kupinduka kwa nyuma. Onyesha ngazi kwanza, onyesha futi ya kupimia, muulize mwenye jengo. Machozi hayatahitajika, hasira itajileta.

Crip Camp, filamu ya makala ya mwaka 2020 kuhusu kambi ya vijana wenye ulemavu huko Marekani, ilifanya hivyo kwa uwezo mkubwa. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Jim LeBrecht, alikuwa mwenyewe kijana wa ile kambi. Ndiyo maana vijana wa kambini wanaonekana wakitaniana, wakipendana, wakigombana, na tunapofika kwenye mgomo wa mwaka 1977 huko San Francisco, ambapo watu wenye ulemavu walikaa ndani ya jengo la serikali kwa zaidi ya siku 20 wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi zitiwe saini, tayari tunawajua. Hatuwahurumii. Tunataka washinde.

## Ridhaa haisainiwi mara moja

Kuna swali ambalo bado linanisumbua, na sina jibu laini. Titicut Follies, filamu ya makala ya Frederick Wiseman ya mwaka 1967, iliingia kwenye taasisi ya Bridgewater, Massachusetts, walikofungiwa watu waliohesabiwa kuwa wahalifu wenye maradhi ya akili. Iliwaonyesha wakiwa uchi, wakidhihakiwa, mmoja akilishwa kwa mrija wa puani. Mahakama za jimbo ziliizuia isionyeshwe kwa umma hadi 1991, kwa hoja ya faragha ya wafungwa. Faragha ilikuwa hoja ya kweli. Pia iliwafaa sana wenye taasisi. Bila picha zile, nani angeamini? Na wale watu, ni nani aliyewauliza?

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba sahihi moja kwenye karatasi, iliyowekwa siku ya kwanza na mzazi au mlezi, haitoshi. Fomu ipatikane kwa nukta nundu, kwa maandishi makubwa, kwa video ya lugha ya alama, kwa lugha rahisi yenye picha. Ridhaa iombwe tena kabla ya tukio la kuoga, la choo, la degedege. Mhusika aonyeshwe toleo la uhariri wakati bado linaweza kubadilishwa, akiwa na mtu anayemwamini na asiyelipwa na filamu. Mtoto wa miaka saba anayeonyeshwa akibadilishwa nepi atakuwa na miaka ishirini, na video itakuwa bado ipo kwenye intaneti.

## Kabla ya kuchanganya sauti

Filamu nyingi kuhusu wasioona hutoka bila maelezo ya sauti, yaani sauti inayomweleza asiyeona kinachoonekana kwenye picha. Sababu inayotajwa ni fedha, ila mara nyingi hakuna nafasi: mhariri ameshajaza kila pengo kwa muziki na msimulizi. Maelezo ya sauti hukaa katikati ya maneno, kwa hiyo mapengo lazima yaachwe wakati wa kuhariri. Sekunde tatu baada ya kuingia chumba kipya zinatosha kusema tuko wapi na nani yupo. Majina yanayoandikwa tu kwenye skrini yatamkwe pia na mtu, mhusika mwenyewe akijitambulisha ikiwezekana. Taarifa ya mwisho yenye herufi nyeupe kwenye weusi, ile inayosema nini kilitokea baadaye, isomwe kwa sauti. Na toleo lenye maelezo haya lisikilizwe na mtu asiyeona kabla halijafungwa, naye alipwe kama fundi yeyote wa sauti, na jina lake liingie kwenye orodha ya waliotengeneza filamu.